Kitasa Hupimwa Kwenye Mwimo

Mwezi uliopita nilialikwa kutazama jengo la biashara katikati ya Dar es Salaam ambalo mwenye nalo alikuwa amebadilisha vitasa vya milango yote, kuanzia maduka ya chini hadi ofisi za juu. Alitutembeza korido kwa korido. Vishikio vilimeremeta, silinda zote za aina moja, karatasi za kiwandani hazijabanduliwa. Wageni wakashika, wakabonyeza, wakasikia mlio wa ulimi, wakasema, "Hapa umepata fundi, bosi." Kazi nzima, tuliambiwa, imekwisha kwa siku mbili. Fundi mwenyewe alikuwa ameegemea ukuta, anaandika namba ya mteja mwingine kwenye simu. Nilifungua mlango wa kwanza, nikainama nikatazama mwimo, nikauacha. Mlango ule mwanafunzi wa sekondari angeufungua kwa kitambulisho chake cha shule.

Kazi mbovu imekuwapo siku zote na itaendelea kuwapo. Sifa ndizo zinazonikera, kwa sababu sifa ndizo zinazopanga bei. Fundi wa siku mbili akisifiwa, fundi wa siku sita anaonekana mzembe tena ghali, na vijana wanaojifunza kazi sasa hivi Gerezani na Kariakoo wanaona wazi ni yupi wa kumfuata.

Na fedha zipo, hilo halina ubishi. Mwenye jengo la zamani ana milango mizuri ya mninga au ya alminiamu ambayo vitasa vyake vimechoka. Kung'oa mlango na fremu, kupasua plasta, kupaka rangi upya, ni gharama anayoikimbia. Fundi vitasa anamwekea ulinzi mpya ndani ya mlango uleule, na jengo moja linampa milango ishirini, thelathini, kwa mteja mmoja wa kuzungumza naye. Mkata funguo aliyekaa chini ya mwavuli kutwa nzima hafikii hapo. Ndiyo maana siku hizi kila mwenye drili amekuwa fundi vitasa.

Asiyejua kazi hutazama mlango. Atapima uzito wa ufunguo, atasoma jina lililochongwa kwenye silinda, atasifia rangi ya kishikio. Anayejua huanza upande wa pili, kwenye mwimo, pale ulimi unapoingia. Mlango ukishafungwa, kinachomzuia mtu nje ni ulimi na tundu lake. Vingine vyote vipo kwa ajili ya kuuendesha ulimi huo. Nimewahi kuona kitasa cha Kijerumani cha bei ya kutisha kwenye mlango wa ofisi ya uhasibu, na ulimi wake unaingia kwenye bamba la bati lililoshikwa na skrubu mbili za nusu inchi, katika mwimo ulioliwa na mchwa. Teke moja lingetosha.

Hapo kwenye mwimo kuna kitu kidogo ambacho mnunuzi hakioni kamwe, na mafundi wengi hawakioni pia. Kwenye vitasa vingi vya maofisini, ubavuni mwa ule ulimi wa mshazari, kuna kijiti chembamba cha chuma kinachoingia na kutoka kwa springi yake. Watu hudhani ni sehemu ya ulimi. Sivyo. Mlango ukifungwa, ulimi unatakiwa utumbukie kwenye tundu la bamba, na kijiti kibaki nje ya tundu, kimekandamizwa na uso wa bamba. Kikiwa kimekandamizwa, kule ndani ya kitasa kinauzibia ulimi njia ya kurudi nyuma. Mtu aingize kadi, kisu, au kipande cha chupa ya plastiki kati ya mlango na mwimo, asukume apendavyo, ulimi hautarudi.

Tundu likiwa pana kupita kiasi, kijiti nacho kinatumbukia pamoja na ulimi, na kikitumbukia hakizuii chochote. Ubaya wake ni kwamba mlango hausemi. Unafunga vilevile, unalia vilevile, ufunguo unazunguka vilevile. Mwenye duka anaweza kukaa na mlango wa namna hiyo miaka mitano akiamini amefunga, na kadi ya plastiki inaufungua kwa sekunde chache.

Balaa hili huandama zaidi kazi za kubadilisha kuliko milango mipya, na sababu yake ni uvivu. Bamba la kitasa cha zamani limeshachimbiwa kwenye mwimo. Kuling'oa, kuziba nafasi yake, kuchimba upya kwa patasi kwa kipimo cha kitasa kipya, ni nusu ya kazi nzima. Fundi anayekimbizana na saa huliacha palepale, kisha hulipanua tundu kwa tupa au grainda mpaka ulimi mpya uingie. Au mlango umeshuka kwenye bawaba milimita tatu, nne. Badala ya kuinua mlango, anarefusha tundu kwenda chini. Akisikia mlio, anamwita mteja.

Kumkagua si kazi ngumu. Mlango ukiwa wazi, kandamiza kijiti kwa kidole gumba, kisha sukuma ulimi kwa kidole kingine. Ukigoma, kitasa chenyewe ni kizima. Sasa rudi kwenye bamba. Kazi iliyotumika wiki kadhaa huwa na mikwaruzo miwili inayong'aa: mpana wa ulimi, unaoishia ukingoni mwa tundu, na mwembamba wa kijiti, unaoishia juu ya chuma kitupu. Mwembamba huo ukiishia ukingoni mwa tundu kama mwenzake, mlango haujafungwa, hata kama funguo zote ziko mfukoni mwako.

Mzee aliyenifundisha kazi pale Gerezani hakungoja mikwaruzo. Alikuwa na koroboi ndani ya sanduku la zana, na vijana wapya walidhani ni ya kumulikia. Aliiwasha, akaupitisha moshi wake kwenye ulimi na kijiti mpaka vikawa vyeusi, akaufunga mlango polepole, akaufungua. Masizi yalikuwa yameandika kila kitu kwenye bamba: ulimi umegusa hapa, kijiti kimekaa pale. Kama kijiti kilikuwa karibu mno na tundu, alilitoa bamba, akaziba matundu ya skrubu kwa vijiti vya mninga na gundi, akalisogeza kiasi cha unene wa ukucha, akafunga skrubu upya, akawasha koroboi tena. Aliwahi kukaa nusu siku kwenye mwimo mmoja wa duka la vitambaa Mtaa wa Uhuru, mwenye duka akilalamika kwamba wateja wanaruka masanduku ya zana mlangoni. Mzee hakumjibu. Alipomaliza akamfungia nje, akampa kisu cha mezani kupitia dirishani, akamwambia, "Haya mwanangu, jaribu kuingia dukani kwako." Yule bwana alihangaika mpaka shati likalowa. Siku ileile akamwongezea mlango wa stoo na wa ofisi, na hakuuliza bei.

Ulimi wa pili, ule wa mraba unaosukumwa kwa ufunguo, una hila zake. Kwenye vitasa vingi vya silinda hutoka kwa mizunguko miwili, milimita 20 hivi. Maana yake nyuma ya bamba lazima pawe na shimo refu kuliko hapo, safi, lisilo na vumbi la zege wala gundi. Mwimo wa chuma uliojazwa zege unataka patasi, nyundo na jasho, na hapo ndipo matapeli wanapozaliwa. Niliitwa kwenye duka la simu Kariakoo lililoibiwa usiku bila alama yoyote mlangoni. Mwenye duka alikuwa ameshaamini kwamba mwizi alikuwa na ufunguo, na kijana wake wa mauzo alilala mahabusu, kisha akapoteza kazi. Nilipotoa kitasa nikakuta ulimi wa mraba umekatwa kwa grainda, umebaki kipande kisichofika sentimita moja, na ncha yake imepakwa rangi ya fedha isionekane. Shimo la kwenye mwimo lilikuwa fupi. Badala ya kulichimba shimo, fundi aliukata ulimi. Mlango wa alminiamu hupinda kidogo ukisukumwa kwa bega, na ulimi mfupi kiasi kile huchomoka, kisha mlango hurudi ulivyokuwa. Yule kijana hakurudishwa kazini hata baada ya mimi kumwonyesha tajiri wake kile kipande.

Kwa hiyo jaribu hivi kabla hujalipa. Zungusha ufunguo mlango ukiwa wazi, mizunguko yote miwili, uache mkono wako ukumbuke. Funga mlango, zungusha tena. Mkono usione tofauti yoyote. Ukilazimika kuuvuta mlango, au kuuinua, au kuongeza nguvu mwishoni mwa mzunguko wa pili, ulimi unagonga kitu. Fundi atakwambia ni upya wa kitasa, kitalainika. Kitasa kipya kilichofungwa vizuri ni laini siku ya kwanza kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake.

Watu wanapenda habari za wafungua vitasa mahiri. Mwaka 1851, kwenye maonyesho makubwa ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alikifungua kitasa cha Chubb, kisha akakifungua kitasa cha Bramah kilichokuwa kimewashinda watu kwa miongo mingi, kazi iliyomchukua zaidi ya wiki mbili. Wauza vitasa hadi leo wanauza kwa hofu hiyo: pini ngapi, liva ngapi, ufunguo wa matundu ya namna gani. Mwizi wa mjini kwetu hana wiki mbili. Ana dakika mbili na nondo, na nondo huingia kati ya mlango na mwimo. Fedha anayoitumia mteja kutoka pini tano kwenda pini saba ingemfaa zaidi kwenye skrubu ndefu.

Skrubu za bamba kwenye mbao zisiwe fupi kuliko inchi mbili, na ziingie kwenye mbao ngumu, si kwenye nafasi iliyojazwa takataka na kupakwa rangi. Kwenye alminiamu habari ni nyingine, kwa sababu ukuta wa fremu ile ni mwembamba, milimita moja na ushei, na ndani ni tupu. Skrubu ya kujichimbia inashika uzi mmoja tu wa chuma laini. Fundi wa kweli anapenyeza kipande cha chuma cha milimita 3 ndani ya fremu, nyuma ya bamba, akakitoboa na kukichonga uzi, ndipo anafunga. Huwezi kukiona. Muulize alikitoa wapi na alikipenyeza vipi; aliyekiweka atakueleza kwa raha mpaka uchoke.

Milango ya mbao ya zamani ina kidonda chake. Vitasa vya Kiingereza vya liva, vile ambavyo babu zetu waliviita Union hata kama vilitoka kiwanda kingine, vina milimita 57 kati ya kishikio na tundu la ufunguo. Vya silinda vya Ulaya vina 72, au 85. Ukibadilisha kimoja kwa kingine, tundu jipya linakaa jirani kabisa na la zamani, na mbao iliyobaki katikati ni ukanda mwembamba wa kuvunjika kwa mkono. Fundi wa siku mbili huyaunganisha matundu yote, huchimbua mlango mpaka unabaki ganda, kisha hufunika kwa bamba refu la kung'aa mbele na nyuma. Mabamba marefu siyapendi na sitayapenda. Mlango uliozibwa kwa kipande cha mninga kilichofuata nyuzi za mbao, kikatiwa gundi, kikapigwa randa, ukachimbwa upya, hauhitaji kufunikwa. Nikiona bamba refu kwenye mlango wa zamani nahesabu kwamba chini yake kuna shimo, na sijawahi kukosea kiasi cha kubadili mawazo.

Silinda nitaipitia haraka. Isitokeze nje ya bamba zaidi ya milimita 2 au 3. Katikati yake, panapopita skrubu ya kuishikilia, ndipo ilipo nyembamba kuliko kote, na ikitokeza, koleo linaishika na kuivunja hapo. Silinda huuzwa kwa urefu tofauti, na nyingine upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine, ili zilingane na unene wa mlango. Fundi mwenye urefu mmoja tu kwenye mfuko wake ni mchuuzi.

Zile sumaku za umeme zinazowekwa juu ya milango ya vioo zimenitia hasira za kutosha mwaka huu. Sumaku ya kilo 280 inashika kweli, lakini inashika kwa umeme, karibu nusu ampia kwa volti 12 muda wote. Umeme ukikatika, inaachia. Imeundwa kuachia, ili watu watoke. Nimeona ofisi zimeondoa kitasa cha ufunguo kabisa kwa sababu kilionekana cha kizamani, zikabaki na sumaku na betri ndogo ya ampia-saa 7. Kwa hesabu ya karatasi hizo ni saa kumi na nne. Betri iliyokaa mwaka mzima kwenye joto la dari haifiki nusu. Mgao wa Jumamosi usiku ukizidi hapo, unaiacha ofisi wazi hadi umeme urudi. Sumaku iwe ya mchana, na kitasa cha ufunguo kibaki cha usiku.

Hilo la kutoka halina mzaha. Mwaka 1883, katika ukumbi wa Victoria mjini Sunderland, Uingereza, watoto 183 walikufa wakisongamana kwenye mlango uliokuwa umekomewa ukaacha upenyo mdogo. Baada ya hapo Robert Alexander Briggs akapata hataza, mwaka 1892, ya komeo linalofunguka kwa kusukumwa na mwili, ambalo ndilo babu wa vyuma vya kusukuma vya milango ya dharura ya leo. Huku kwetu, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, Kenya, madirisha yakiwa na nondo na mlango mmoja umefungwa. Fundi anayeweka kitasa cha kufunguliwa kwa ufunguo pande zote mbili kwenye njia pekee ya kutokea watu, kwa kuwa mteja ameagiza hivyo, hana sifa ya kuitwa fundi. Kuna vitasa vinavyojifunga kwa nje na kufunguka kwa kushusha kishikio kwa ndani. Mteja akivikataa, muache atafute fundi mwingine.

Macho nayo yana haki yake. Kishikio kikae mita moja kutoka sakafuni, na milango yote ya korido moja ilingane. Skrubu za mpasuo zisimame wima, zote, mipasuo ikitazama juu na chini; anayeziacha zimegeukia kila upande hana subira, na asiye na subira kwenye skrubu hakuwa nayo kwenye shimo. Shaba ikae kwenye mbao, rangi ya fedha kwenye alminiamu. Silikoni isionekane popote. Ikionekana, imeziba kosa.

Vitasa vya zamani vilikuwa na uzito. Ukiingia Mji Mkongwe, Zanzibar, ukatazama milango ya kuchonga ya nyumba za wafanyabiashara, utaona mfaa mnene katikati, mnyororo, na kufuli chini. Hakuna siri yoyote pale, ni unene wa mbao na uaminifu wa seremala. Hata liva za shaba zilizowekwa kwenye maduka ya Wahindi mjini Dar es Salaam kabla ya Uhuru, nyingine bado zinafanya kazi. Nimezifungua, nikazifuta vumbi jeusi, nikapaka mafuta kidogo ya grafaiti, nikazirudisha. Siku hizi ndani ya boksi zuri unakuta aloi nyepesi inayovunjika kama biskuti. Kama kitasa cha zamani ni kizima, fundi mwema humwambia mteja akibakize na kuongeza kimoja juu yake. Anapoteza mauzo ya leo. Mteja huyohuyo ndiye atakayempa jengo zima.

Funguo zihesabiwe mbele yako kutoka kwenye pakiti isiyofunguliwa, silinda kwa silinda. Pakiti ya funguo tano ikitoka na nne, silinda hiyo irudi dukani. Kama kuna ufunguo mkuu wa milango yote, uandikwe ni nani anao, na fundi asiwe mmoja wao.

Na bei. Mwombe fundi aandike mistari mitatu: kitasa, kazi ya mlango, kazi ya mwimo. Wengi wataandika miwili. Mstari wa tatu usipokuwapo, kazi hiyo haitafanyika, kwa kuwa hakuna aliyeilipia. Kwenye milango ya mbao ongeza wa nne, wa kurudi baada ya masika, kwa sababu mbao ya pwani huvimba mvua zikianza na mlango uliokuwa unafunga kwa kidole Februari unataka bega mwezi Mei. Fundi anayejua hupiga randa ukingo wa mlango na kuusogeza kwenye bawaba, kisha hukagua kijiti upya, maana mlango ukisogea, nacho kimesogea. Mimi huandika tarehe ya kurudi kwenye risiti yenyewe, wiki ya kwanza ya Juni, na fedha yake hulipwa siku hiyo, si kabla.